Sura ya Nne: Bingwa Anayeulizika

Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili jijini Dar es Salaam, wagonjwa wawili waliingizwa chumba cha upasuaji. Mmoja alikuwa na tatizo la goti, mwenzake alikuwa na tatizo la kichwa. Jina lao la kwanza lilikuwa moja. Walipotoka, mwenye goti bovu alikuwa amepasuliwa kichwa, na aliyestahili kupasuliwa kichwa alikuwa amepasuliwa mguuni.

Miaka kumi baadaye, Februari 2018, Nairobi nayo ikapata msiba wa aina hiyo. Katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, mgonjwa aliyekuwa na uvimbe tu kichwani, ambaye hakuhitaji kisu, alipelekwa kupasuliwa ubongo badala ya mwenzake aliyekuwa na damu iliyoganda. Madaktari walifanya kazi kwa saa kadhaa kabla ya kugundua kwamba damu waliyoitafuta haikuwapo.

Kila mara watu waliuliza: hawa madaktari walisomea wapi? Hasira yao ilikuwa ya haki, ila swali halikugusa penye jeraha. Kufungua fuvu la binadamu na kulifunga tena akiwa hai ni kazi inayowezwa na watu wachache sana katika nchi zetu. Mikono iliyoshika kisu siku hizo ilikuwa imesomeshwa miaka mingi. Kilichokosekana ni mambo yasiyohitaji shahada: kusoma jina mkononi mwa mgonjwa, kulilinganisha na faili, kumuuliza mwenyewe kabla hajapewa nusukaputi, na kuwapo kwa mtu mmoja chumbani wa kusema, "Jamani, tusubiri, tuhakikishe kwanza."

Nimeanza na misiba hii kwa sababu mjadala wa ujuzi na moyo wa kazi huendeshwa kwa wepesi mno. Maofisini tunaambiwa: ajiri mwenye tabia njema, ujuzi atafundishwa. Mitaani tunasikia kinyume chake: nipe fundi anayeijua kazi, hata akinitukana nitavumilia. Kauli zote mbili zinavutia, na zote mbili zinaweza kuua. Tuzipime pale ambapo kosa halifichiki, yaani kwenye mwili wa mgonjwa, kisha turudi kwa fundi umeme, dereva na karani.

Tabasamu halizuii damu

Tuanze na haki ya ujuzi, maana siku hizi unadharauliwa. Mwaka 2013 madaktari wa jimbo la Michigan, Marekani, walichapisha utafiti wa kijasiri. Wapasuaji 20 wanaofanya upasuaji wa kupunguza unene walikubali kutoa video ya operesheni yao moja ya kawaida. Wapasuaji wenzao wakazitazama video hizo bila kujua ni za nani, wakatoa alama: mkono una utulivu kiasi gani, unashika nyama kwa upole au unaipapura, unapoteza muda au unakwenda moja kwa moja. Kisha alama hizo zikalinganishwa na yaliyowapata wagonjwa.

Matokeo hayakuacha shaka. Kwa robo ya wapasuaji waliopata alama za chini, wagonjwa 14.5 kati ya kila 100 walipata madhara baada ya upasuaji. Kwa robo ya juu walikuwa 5.2. Vifo navyo vilikuwa asilimia 0.26 upande mmoja na 0.05 upande wa pili. Wote walikuwa na leseni, wote walikuwa mabingwa, na operesheni ilikuwa ileile.

Kwa hiyo anayesema moyo mwema unatosha hajapata kusimama karibu na mama anayevuja damu baada ya kujifungua. Mama huyo anahitaji mtu anayejua dawa gani achomwe sasa hivi, tumbo likandwe wapi, na damu iitishwe lini. Mkunga mpole asiyejua hayo atamshika mkono mpaka mwisho, na huo mwisho utakuja upesi. Vivyo hivyo kwa fundi umeme mcheshi asiyejua kutofautisha nyaya, na dereva mcha Mungu asiyejua kushuka mlima kwa gia. Ujuzi ndio kizingiti. Asiyeufikia asikabidhiwe maisha ya mtu, hata kama kijiji kizima kinamsifu.

Wanajua, ila hawafanyi

Lakini ujuzi ukishakuwapo kichwani, je, unamfikia mgonjwa? Swali hili liliulizwa kwa makini katika Mkoa wa Arusha mwanzoni mwa miaka ya 2000 na watafiti wawili, Kenneth Leonard na Melkiory Masatu. Walitembelea zahanati, vituo vya afya na hospitali, wakawapima matabibu kwa njia mbili. Kwanza waliwapa mgonjwa wa kuigiza: mtu anaeleza dalili, tabibu anaonyesha angemuuliza nini na kumpima nini. Pili walikaa chumbani wakatazama tabibu huyohuyo akihudumia wagonjwa wa kweli.

Kati ya vipimo hivyo viwili palikuwa na pengo. Maswali ambayo tabibu aliyajua vizuri kwenye igizo hakuwauliza wagonjwa waliokuwa mbele yake. Alijua kwamba mtoto mwenye homa na kikohozi ahesabiwe pumzi, na hakuzihesabu.

Watafiti wakaenda mbele zaidi. Waliwahoji wagonjwa walipokuwa wakitoka, wale waliohudumiwa kabla mtazamaji hajaingia chumbani na wale waliohudumiwa baada yake. Ilionekana kwamba mgeni alipoingia na daftari lake, huduma ilipanda ghafla: maswali yaliongezeka, vipimo viliongezeka, maelezo yaliongezeka. Kisha, kadiri tabibu alivyomzoea mgeni, huduma ilishuka taratibu mpaka pale ilipokuwa mwanzo.

Jambo hili lina uzito mkubwa. Hakuna aliyepelekwa semina asubuhi ile, wala hakuna kifaa kipya kilicholetwa. Ujuzi ulikuwapo siku zote, umekaa. Macho ya mgeni yule, mwenzao wa taaluma, yaliuamsha, na macho yalipozoeleka ukalala tena. Nasi kila tukiona huduma mbovu tunakimbilia kuandaa mafunzo, posho zinalipwa, vyeti vinagawiwa, na wiki inayofuata mtoto mwenye kikohozi hahesabiwi pumzi.

Hata hivyo watafiti hao waliwakuta pia matabibu waliofanya kazi sawasawa wakiwa peke yao, mbali na msimamizi, bila motisha ya fedha. Watu hawa wapo. Kila mmoja wetu ameshahudumiwa na mmoja wao, kwenye zahanati isiyo na umeme, akashangaa. Kwao mwenzao wa taaluma ni kama yuko chumbani kila siku, kwa sababu wanajiuliza wenyewe yale ambayo wangeulizwa naye.

Bristol na London

Mfano unaonifundisha zaidi kuliko yote unatoka Uingereza, miaka ya mwisho ya 1980 na mwanzo wa 1990. Wapo watoto wanaozaliwa mishipa miwili mikubwa ya moyo ikiwa imebadilishana nafasi. Damu yenye hewa safi inarudi mapafuni, na ile isiyo na hewa inazungushwa mwilini. Wakati huo wapasuaji walikuwa wakijifunza operesheni mpya ya kuikata mishipa hiyo na kuirudisha mahali pake, pamoja na kuhamisha mishipa midogo inayoulisha moyo wenyewe. Yote haya hufanyika kwenye moyo usiozidi ngumi ya mtoto mchanga. Ni kazi ngumu hata kwa walio bora.

Katika hospitali ya Bristol Royal Infirmary watoto walikufa wengi kuliko ilivyotarajiwa. Daktari wa nusukaputi, Stephen Bolsin, aliyeanza kazi hapo mwaka 1988, aliona operesheni zinachukua muda mrefu kupita kiasi. Akaanza kukusanya takwimu, na kuanzia mwaka 1990 akatoa taarifa kwa wakubwa. Hakusikilizwa. Alionekana msumbufu, na mwishowe akahamia Australia. Upasuaji uliendelea hadi mwaka 1995. Tume iliyoongozwa na Profesa Ian Kennedy ilitoa ripoti yake Julai 2001: kati ya mwaka 1991 na 1995, watoto wa chini ya mwaka mmoja waliokufa baada ya upasuaji wa moyo walizidi kwa 30 hadi 35 idadi ambayo ingetarajiwa katika kituo cha kawaida nchini humo.

Ripoti hiyo haikuwaita wapasuaji wale wavivu au wakatili. Ilisema wengi wa wahusika walikuwa watu waliojali, waliojituma na waliotaka mema. Walifanya kazi saa nyingi. Waliwahurumia wazazi. Kwa maana ambayo maofisa wetu wa ajira wanaipenda, walikuwa na moyo wa kazi. Walichokosa baadhi yao ni uwezo wa kujiona, na hapakuwa na utaratibu wa kuwalazimisha wajione. Matokeo mabaya yalielezwa kwa ugumu wa kesi, na matumaini yalikuwa kwamba yatakuwa mazuri baadaye. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa maradhi yalikuwa ya mpasuaji, na kifo kilikuwa cha mtoto wa mtu mwingine.

Sasa twende London, miaka hiyohiyo, operesheni hiyohiyo. Katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, Marc de Leval alikuwa miongoni mwa wapasuaji wa moyo wenye sifa kubwa duniani. Katika watoto 52 wa mwanzo aliowafanyia operesheni hii, alikufa mmoja tu. Kisha, kati ya 16 waliofuata, wakafa saba.

Mtu wa hadhi yake alikuwa na visingizio vyote mkononi. Angeweza kusema ni bahati mbaya, na hakuna ambaye angembishia. Badala yake alichukua namba zake akazipima kwa mbinu za takwimu ajue kama ni bahati mbaya au ni yeye mwenyewe. Alipoona kwamba huenda ni yeye, akaenda kwa mwenzake aliyekuwa na matokeo bora, akasimama pembeni na kutazama, akajifunza upya, akarekebisha hatua zake. Alirudi kazini na matokeo yakatengemaa. Mwaka 1994 akayachapisha yote, pamoja na vile vifo saba, katika jarida la taaluma yake, ili wapasuaji wengine wapate kipimo cha kujipima nacho.

Ugumu wa kazi ulikuwa uleule, na huruma ilikuwapo katika hospitali zote mbili. Tofauti iliyookoa watoto ni kwamba London bingwa alikubali kuulizwa, na aliyeanza kumuuliza alikuwa yeye mwenyewe. Huo ndio moyo wa kazi ninaoutetea katika sura hii. Uchangamfu haumpi mtu moyo huo, wala unyenyekevu wa kuinamisha kichwa mbele ya mkubwa. Anao yule ambaye ukweli kuhusu kazi yake ni wa thamani kwake kuliko jina lake. Moyo wa namna hii huongeza ujuzi, kwa sababu ujuzi hauongezeki kwa mtu asiyejua amekosea wapi.

Karatasi moja kule Ifakara

Turudi nyumbani. Miezi ileile ambayo Tanzania ilikuwa ikizungumzia mkasa wa Muhimbili, hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara, katika bonde la Kilombero, ilikuwa mojawapo ya hospitali nane duniani zilizojaribu karatasi moja ya Shirika la Afya Duniani. Nyingine zilikuwa London, Toronto, Seattle, Auckland, Amman, New Delhi na Manila. Kazi ilianza Oktoba 2007 ikaisha Septemba 2008, chini ya uongozi wa mpasuaji Atul Gawande.

Karatasi ile ilikuwa na mambo 19 ya kusemwa kwa sauti. Kabla ya nusukaputi: mgonjwa ni nani, anapasuliwa wapi, ana mzio gani. Kabla ya kisu: kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake, na ihakikishwe kwamba dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa. Kabla ya kutoka: shashi na sindano zihesabiwe. Hakuna hata jambo moja ambalo daktari hakulijua. Hata hivyo, kwa hospitali zote nane kwa pamoja, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7.

Kwa nini kutaja majina? Kwa sababu muuguzi aliyeshatamka neno moja mbele ya bingwa ni rahisi kutamka la pili. Karatasi ile ilimpa mdogo ruhusa ya kumuuliza mkubwa, na ilimpa mkubwa njia ya kuulizwa bila kuona amevunjiwa heshima.

Lakini karatasi haina miujiza. Jimbo la Ontario, Kanada, lilizitaka hospitali zake zote ziitumie. Mwaka 2014 watafiti walichapisha matokeo ya hospitali 101: vifo vilitoka asilimia 0.71 hadi 0.65, tofauti ndogo ambayo kitakwimu haithibitishi kitu. Hospitali zenyewe ziliripoti kwamba karatasi inatumika karibu kila operesheni. Wataalamu wengi waliojadili matokeo hayo walitoa maelezo mamoja: kuweka alama ya vema kwenye kisanduku ni jambo moja, na kusimama ukamsikiliza mwenzako ni jambo jingine. Kila aliyewahi kuona fomu za ukaguzi zinajazwa zote kwa mkupuo mwishoni mwa zamu anaelewa.

Ukali una gharama yake

Bado yupo atakayesema: daktari wangu ni mkali, anafoka, lakini anaponya. Mwaka 2015 watafiti wa Israeli walilipima jambo hili. Timu 24 za madaktari na wauguzi wa watoto njiti ziliwekwa kwenye zoezi la kumtibu mtoto wa kuigiza aliyekuwa akizidiwa. Baadhi ya timu ziliambiwa maneno ya dharau na mtaalamu mgeni kutoka nje. Nyingine zilisikia maneno ya kawaida. Waliodharauliwa walikosea zaidi kutambua ugonjwa na walikosea zaidi katika matibabu, na sababu ilionekana: waliacha kupeana habari na kuombana msaada. Watu walikuwa walewale wenye ujuzi wao. Maneno machache yaliushusha.

Kwetu hasara hii inaonekana wazi zaidi leba. Utafiti katika vituo 13 vya Kenya, uliochapishwa mwaka 2015, ulikuta mwanamke mmoja kati ya watano akieleza kwamba alidhalilishwa wakati wa kujifungua: kutukanwa, kupigwa, kuachwa peke yake, kunyimwa faragha. Tafiti za Mkoa wa Tanga zilikuta hali inayokaribiana na hiyo. Mama aliyefokewa haulizi, hasemi kwamba ameanza kuona giza, na mimba ijayo huenda akabaki nyumbani. Mkunga anaweza kuwa fundi kweli wa kuzuia damu, lakini kama mama hakuja, au alikuja akanyamaza, ufundi huo haumsaidii. Daktari hawezi kutibu asichoambiwa.

Ni haki pia kuwasemea wanaofanya kazi hii. Nesi mmoja anayehudumia wodi nzima usiku kucha hawezi kuhubiriwa lugha nzuri tu. Madaktari wa Kenya waligoma siku 100, kuanzia Desemba 2016 hadi Machi 2017, wakidai makubaliano ya mwaka 2013 yatekelezwe. Mwajiri asiyetimiza ahadi yake, asiyeajiri watu wa kutosha na asiyenunua glavu anaubomoa moyo anaodai kuutafuta kwenye usaili.

La kufanya

Basi kipi kina uzito zaidi? Jibu langu lina ngazi mbili. Ujuzi unatangulia, na hauna mbadala. Apimwe kila mtu kwa vitendo kabla hajakabidhiwa kazi: mpasuaji aonekane akipasua, fundi akifunga nyaya, karani akitunza hesabu. Lakini wote wakishavuka kizingiti hicho, anayestahili kuchaguliwa ni yule anayeulizika, kwa sababu ujuzi wake utaongezeka mwaka hadi mwaka na utamfikia anayeuhitaji. Ujuzi wa asiyeulizika huanza kuchakaa siku anayopokea cheti.

Kwa mwajiri, nashauri swali moja la usaili: tueleze kazi iliyokuharibikia, ulimwambia nani, na ulibadilisha nini. Asiye na jibu ama hajafanya kazi, ama amezoea kuficha. Ukishamwajiri, mlinde mwenye kuuliza. Mara nyingi anayeona kosa kwanza ni yule wa cheo cha chini: muuguzi wa zamu, daktari tarajali, utingo, msaidizi wa fundi. Akikaripiwa mara moja, hatasema tena, na wote waliokuwa wakitazama nao hawatasema.

Kwa vyuo vyetu, watoeni wanafunzi kwenye utamaduni wa kumwogopa bingwa kwenye raundi ya asubuhi. Mwalimu aseme hadharani, "Hapa nilikosea, na hivi ndivyo nilivyogundua." Mwanafunzi aliyesikia hivyo mara kumi hataficha takwimu zake akiwa mkubwa.

Na wewe unayelazwa kesho, au unayempeleka mzazi wako, una sehemu yako. Taja jina lako kamili kila unapohamishwa kitanda. Uliza unakwenda kufanyiwa nini, upande gani, na nani atafanya, na kazi hiyo ameifanya mara nyingi kiasi gani. Uliza kwa adabu, maana kuuliza si ujinga, na rudia kama hukujibiwa. Daktari bora hatachukia. Atakaa, atakujibu, na atatazama faili lako tena kuhakikisha kwamba mnazungumzia mtu mmoja.